Mwamuzi na Shaka ya Watu

Katika kazi zote ambazo binadamu huzifanya mbele ya macho ya watu, sidhani kama ipo iliyo na upweke kuliko kazi ya mwamuzi wa mpira wa miguu. Wachezaji wana wenzao, na kila upande una mashabiki wa kuushangilia. Hata golikipa aliyefungwa mabao matano hakosi rafiki wa kumfariji njiani wakirudi nyumbani. Mwamuzi hana upande. Akitenda vema hakuna amsifuye, kwa kuwa watu wamekwenda kuutazama mpira, hawakwenda kuitazama firimbi. Akikosea mara moja, kosa lake husimuliwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa siku alipolitenda. Hata hivyo bila yeye hakuna mchezo. Kuna ugomvi wa watu ishirini na wawili wanaogombea kitu kimoja.

Nataka kuuliza swali moja juu ya mtu huyu. Je, yatosha awe mwadilifu moyoni mwake, au anadaiwa pia aonekane mwadilifu machoni pa watu? Mwepesi wa kujibu atasema kwamba Mungu ndiye ajuaye mioyo, na kwamba aliye safi hana haja ya kujali manung'uniko. Jibu hilo nilikuwa nalo kwa muda mrefu, nami nililipenda, kwa sababu linampa mtu usingizi mzuri. Kisa cha mwamuzi mmoja wa Kiitalia ndicho kilichonifanya nilipime upya.

Jina lake ni Pierluigi Collina. Alizaliwa katika mji wa Bologna tarehe 13 Februari, 1960. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na saba, angali mwanafunzi kama ninyi, aliingia katika mafunzo ya uamuzi. Waitalia wana chama cha waamuzi tangu mwaka 1911, na kijana aingiaye humo hapewi uwanja mkubwa siku ya kwanza. Huanza na mechi za watoto na za timu ndogo za mitaani, mahali ambapo hakuna ua baina yake na baba wa mchezaji aliyemtoa uwanjani. Kutoka hapo hupanda daraja baada ya daraja, akikaguliwa na kupewa alama na wakubwa wake, na wengi hukomea njiani. Collina alipanda kwa muda wa miaka kumi na minne. Mwaka 1991 alilifikia daraja la juu kabisa la nchi yake, liitwalo Serie A.

Wakati huo alikuwa na kazi nyingine pia. Mwaka 1984 alihitimu shahada ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Bologna, akawa mshauri wa watu katika mambo ya fedha. Jambo hili halikuwa la ajabu kwao. Concetto Lo Bello wa Siracusa, aliyechezesha mechi 328 za Serie A, alipata kuwa mbunge. Na Nicola Rizzoli, aliyechezesha fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2014, ni msanifu wa majengo. Mwamuzi wa Kiitalia alikuwa mtu mwenye ofisi yake na mapato yake, ambaye mwisho wa juma huvaa kaptura na kushika firimbi. Msomaji na aliweke jambo hili la mapato akilini, maana nitalirudia.

Alipokuwa na umri wa miaka ishirini na minne, Collina alipatwa na maradhi yaliyomnyonyoa nywele zote. Kichwa kikabaki kitupu, nyusi zikatoweka, na macho yake makubwa yakaonekana makubwa zaidi. Mtu mwingine angejificha kwa aibu. Yeye alitoka mbele ya maelfu ya watu wenye ndimi kali, na baada ya miaka michache uso ule ukawa unajulikana duniani kote kuliko nyuso za wachezaji wengi. Mchezaji aliyemkimbilia kwa kelele aliyaona macho yale yakimkabili, akapunguza mwendo.

Lakini si macho yaliyomfanya mwamuzi mkubwa. Kabla ya kila mechi alizisoma timu zote mbili kama mwanafunzi asomavyo kabla ya mtihani. Alitaka kujua nani hupenda kupita pembeni, nani hupiga mipira mirefu, na ni mbinu gani hutumiwa wakati wa kona. Hakufanya hivyo ili ampendelee mtu. Alitaka awe amekwisha fika mahali mpira utakapoangukia, kwa kuwa aonaye tukio akiwa mbali huamua kwa kubahatisha, na abahatishaye, hata akipatia, hajatenda haki. Amepata bahati tu.

Siku iliyompima kuliko nyingine zote, kwa maoni yangu, haikuwa ya Kombe la Dunia. Ilikuwa tarehe 14 Mei, 2000, katika mji mdogo wa Perugia. Ilikuwa siku ya mwisho ya ligi. Juventus ya Turin ilikuwa na pointi 71, na Lazio ya Roma pointi 69. Italia nzima ilikuwa imejaa shaka, kwa sababu juma moja kabla yake mwamuzi mwingine alilikataa bao la Parma katika dakika za mwisho dhidi ya Juventus, na watu wengi hawakuiona sababu. Mashabiki wa Lazio waliandamana mjini Roma kwa hasira. Basi kila mtu alikuwa akingoja kuona firimbi ya Perugia italia kwa faida ya nani.

Ikanyesha mvua. Ilishuka wakati wa mapumziko, timu zikiwa hazijafungana, ikaufanya uwanja kuwa kama shamba la mpunga. Collina alitoka na mwavuli wake, akaudondosha mpira chini, haukuruka. Akangoja. Akatoka tena, akapima tena. Muda wa zaidi ya saa nzima ulipita hivyo. Kule Roma, Lazio walikuwa wamemaliza mechi yao kwa ushindi wa mabao matatu kwa bila, na watu wao walibaki uwanjani na redio zao masikioni. Hatimaye mwamuzi aliona mpira unaweza kuchezwa, akaamuru mchezo uendelee. Muda si muda, beki wa Perugia aitwaye Alessandro Calori alifunga bao. Juventus walishindwa bao moja kwa bila, na Lazio wakawa mabingwa kwa pointi 72 dhidi ya 71.

Tazama hali ya mtu yule alipokuwa amesimama na mwavuli wake. Akiivunja mechi, nusu ya nchi itasema ameiokoa Juventus. Akiiendeleza, nusu nyingine itasema ameiangamiza. Hakuna njia ya tatu, na hakuna mwenye kumshauri. Wapo waliosema baadaye, na wapo wasemao hata leo, kwamba uwanja ule haukufaa kuchezewa. Huenda wasema kweli. Lakini sina budi kueleza kwa nini nchi iliyokuwa ikitokota kwa shaka iliweza kuumeza uamuzi ule bila kupasuka. Nadhani ni kwa sababu walio wengi waligombana juu ya maji kuliko walivyogombana juu ya nia ya mtu. Walimtazama, wakamwona anaupima uwanja, wala hawakumwona akiipima Juventus wala Lazio.

Heshima nyingine alizopata nitazipita upesi. Alichezesha fainali ya Michezo ya Olimpiki mwaka 1996, Nijeria ilipoishinda Argentina mabao matatu kwa mawili, furaha ambayo Afrika haijaisahau. Alichezesha fainali ya Kombe la Dunia mjini Yokohama tarehe 30 Juni, 2002, Brazili ilipoifunga Ujerumani mabao mawili kwa bila. Shirika linaloandika historia na takwimu za kandanda lilimchagua kuwa mwamuzi bora wa dunia mara sita mfululizo, kuanzia 1998 hadi 2003. Lipo tukio moja dogo ambalo nalipenda kuliko hizo zote. Katika fainali ya vilabu vya Ulaya mjini Barcelona mwaka 1999, Bayern ya Munich iliongoza tangu dakika ya sita, kisha ikafungwa mabao mawili na Manchester United katika muda wa nyongeza. Samuel Kuffour, beki wa Bayern aliyetoka Ghana, alianguka akaipiga ardhi kwa ngumi akilia. Mchezo ulikuwa haujaisha, ingawa zilibaki sekunde tu. Collina alikwenda akawainua wale walioanguka, akawahimiza wasimame wacheze. Aliyeshindwa naye alikuwa na haki ya sekunde zake.

Kabla sijafika penye ugumu wa kisa hiki, niruhusuni nieleze jambo langu mwenyewe, dogo sana, lililotokea nilipokuwa katika shule ya bweni miaka mingi iliyopita.

Mwalimu wetu wa michezo alikuwa mgonjwa, nikateuliwa mimi nichezeshe mechi baina ya mabweni mawili. Nilizijua sheria vizuri, lakini sikuwa na njumu, na uwanja wetu ulikuwa na miiba. Nahodha wa timu moja, kijana mkarimu ambaye angemkopesha mtu yeyote, aliniazima njumu zake za zamani. Nilizivaa bila kufikiri lolote. Zilikuwa na kamba nyekundu, na shule nzima ilizijua. Mchezo ulipokaribia kwisha, mchezaji wa timu yake aliangushwa ndani ya eneo la hatari. Nilikuwa hatua tano tu kutoka pale. Ilikuwa penalti, na hata leo nikiamshwa usiku wa manane nitasema ilikuwa penalti. Nilipiga firimbi. Hapakuwa na mabishano juu ya mguu wala mpira. Kijana mmoja wa upande wa pili alinyosha kidole akaonyesha miguu yangu, na uwanja mzima ukacheka.

Sikuwa nimetenda kosa. Hata nahodha yule hakuwa ameniomba kitu. Lakini tangu dakika ile sikuwa tena na uwezo wa kuamua neno lolote, kwa maana kila nililoamua lilikwenda kwanza miguuni mwangu ndipo likafika masikioni mwa watu.

Sasa turudi Italia. Sheria ya waamuzi ilimtaka Collina astaafu alipotimiza miaka arobaini na mitano, yaani mwaka 2005. Kwa ajili ya sifa yake, wakubwa waliongeza mwaka mmoja ili aendelee. Ndipo ilipojulikana kwamba amefanya mkataba wa matangazo na kampuni ya magari ya Opel. Hakuwa mgeni wa matangazo. Uso wake ulikuwa umekwisha tokea hata juu ya kasha la mchezo wa kompyuta mwaka 2003. Lakini Opel ndiyo iliyokuwa imeandikwa vifuani mwa wachezaji wa AC Milan, na Milan ilikuwa miongoni mwa timu ambazo angezichezesha. Wakubwa wa waamuzi walisema mkataba huo haupatani na kazi yake ya Serie A, wakataka achezeshe daraja la pili tu. Mwishoni mwa Agosti, 2005, Collina alijiuzulu. Firimbi iliyosikika Yokohama ikanyamazishwa na tangazo la motokaa.

Je, alionewa? Nimelifikiri jambo hili mara nyingi, na mara nyingi nimejikuta upande wake. Mkataba aliutia sahihi mchana kweupe, na tangazo ni kitu cha kutazamwa na watu wote. Hakuna afichaye uso wake kwa kuubandika ukutani. Hapakuwa na mechi iliyotajwa ambayo aliipendelea Milan kwa sababu ya magari. Mtu mwenye miaka arobaini na mitano, ambaye miguu yake haitamlisha tena, ana haki ya kuuza alicho nacho. Wachezaji wa kizazi chake waliuza majina yao kwa viatu, vinywaji na sabuni, na hakuna aliyewauliza.

Hata hivyo mchezaji na mwamuzi hawauzi kitu kimoja. Mchezaji auzaye jina lake bado anayo miguu yake, na bao lake ni bao. Mwamuzi hana bidhaa nyingine ila kuaminiwa. Uamuzi wake haupimwi kwa macho peke yake, kwa sababu mara nyingi walio pembeni hawakuona, au waliona vingine. Huukubali kwa kuwa wamemkubali yeye. Akija na deni, hata la halali, hata la shukrani tu, huwa ameligawa lile ambalo watu wa pande mbili walimkabidhi kwa pamoja. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na kila mtu ajua maana yake. Basi mkono ulio na kitu watu huutazama kwa jicho jingine, na hawana kosa kuutazama hivyo. Kadhi wa Kiislamu hukatazwa kupokea zawadi ya mwenye kesi, hata ikiwa sahani ya tende. Hawakudhani kila kadhi atainunuliwa sahani hiyo haki. Walijua kwamba aliyeshindwa katika kesi atarudi nyumbani akizifikiria tende.

Ningependa kuliacha suala hapo, lakini ukweli hauniruhusu. Katika mwezi wa Mei, 2006, miezi michache tu baada ya Collina kuondoka, Italia iligundua kwamba viongozi wa vilabu vikubwa walikuwa wakizungumza kwa simu na wale waliopanga waamuzi, juu ya nani achezeshe mechi ipi. Juventus ilinyang'anywa ubingwa wa mwaka 2005 na wa 2006, ikashushwa daraja; na vilabu vingine, Milan na Lazio wakiwamo, vikakatwa pointi. Basi katika nyumba ile ile iliyoona kwamba tangazo la motokaa ni doa, simu zilikuwa zikilia. Sheria ya kuonekana safi ilimnasa aliyesimama juani, na aliyezungumza gizani ikampita.

Hapa ndipo mtu mwenye akili aweza kusema: basi sheria hiyo ina faida gani? Kesi ya ngedere ilikuwa imepelekwa kwa nyani tangu mwanzo, na ninyi mlikuwa mkishughulika na njumu za mtu. Sina jibu la kumnyamazisha. Naweza kusema tu kwamba watu walioamini kuwa dogo halina neno ndio hao waliozoea, simu kwa simu, hata kubwa likawa halina neno. Nikiwa mkweli, nitaongeza kwamba kumtoa aliye wazi na kumwacha aliyejificha ni dhuluma, hata kama aliye wazi alistahili kuambiwa achague. Mambo haya mawili siwezi kuyapatanisha, na nimeacha kujaribu.

Collina mwenyewe hakupotea. Tangu 2007 hadi 2010 alikuwa mpangaji wa waamuzi wa Italia, kazi ile ile iliyokuwa imechafuliwa, na baadaye alipewa kuwasimamia waamuzi wa Ulaya, kisha wa dunia. Siku hizi kamera nyingi humsaidia mwamuzi, na Serie A ilizipokea mwaka 2017. Zaweza kurudisha mguu nyuma mara kumi zionyeshe uligusa nini. Lakini anayeitazama picha ni mtu, na mashabiki walioshindwa bado huuliza jina lake na mji atokako.

Nami jioni ile ya penalti nilizifungua zile kamba nyekundu nikazirudisha njumu kwa mwenyewe, nikamshukuru. Jumamosi iliyofuata, mwalimu akiwa bado hajapona, niliitwa tena. Nahodha yule aliniletea njumu zake kama kawaida, ameziosha. Nilimwambia zinanibana vidole. Ulikuwa uongo, zilinikaa sawasawa, naye alijua. Alizishika mkononi kwa kitambo, akiniangalia, kisha akaenda kuwaita wenzake. Nami nikaingia uwanjani pekupeku, nikichagua mahali pa kukanyaga.